Ziara ya makumbusho kwa kidato cha kwanza: punguza ratiba, ongeza kazi ya darasani

SWALI: Habari za kazi. Ninafundisha Historia kidato cha kwanza, Morogoro. Tunapanga ziara ya siku moja Dar es Salaam tukiwa na wanafunzi 84 na mabasi mawili: Makumbusho ya Taifa pale Posta, Kijiji cha Makumbusho, kisha ufukweni. Mwaka jana watoto walimaliza ukumbi mzima kwa dakika ishirini, wakanakili vibao, wakatoka. Mtihani ulipokuja wengi waliandika kwamba Zinjanthropus ndiye babu yetu aliyetengeneza zana za mawe. Safari hii nifanye nini tofauti?

JIBU: Mwalimu, anza kwa kufuta ufukwe. Watoto wakishajua kwamba alasiri kuna bahari, yote yaliyo kabla ya hapo wanayachukulia kama foleni ya kwenda kuogelea. Na hesabu yenyewe inakataa. Kutoka Morogoro hadi Posta ni karibu kilomita 190. Basi huchukua saa nne siku ikiwa nzuri, na kipande cha Kibaha hadi Mbezi peke yake kinaweza kula saa nzima. Mkiondoka saa kumi na moja alfajiri, mnafika kama saa nne asubuhi. Mkitaka kuwa Morogoro saa mbili usiku, lazima mtoke Dar saa tisa na nusu. Mnabakiwa na saa tano na nusu, na ndani yake kuna chakula, choo na kuhama. Sehemu mbili zinaingia, tena kwa kubana.

Msiwapeleke wote 84 mahali pamoja kwa wakati mmoja. Basi la kwanza literemshe watoto wake 42 Makumbusho na Nyumba ya Utamaduni, Mtaa wa Shaaban Robert. La pili liishie Kijiji cha Makumbusho, Kijitonyama. Kila upande ukae saa moja na nusu, wale chakula palepale walipo, kisha mabasi yabadilishane. Kati ya sehemu hizo mbili ni kilomita chache tu kwa Barabara ya Ali Hassan Mwinyi, lakini tengeni dakika 45, kwa sababu mchana barabara hiyo haitabiriki. Watoto 42 wanagawanyika vizuri katika makundi matatu ya 14, kila kundi na mwalimu wake. Katika kila basi awepo mtu mzima mmoja asiye na kundi: huyo ndiye anayehesabu vichwa, anayeshughulika na malipo getini, na anayebaki na mtoto aliyetapika. Jumla ni watu wazima wanane, na angalau nusu wawe wanawake, maana msichana wa kidato cha kwanza akipatwa na hedhi safarini hatamwambia mwalimu wa kiume.

Wekeni pia saa ya kukata, na muiweke kabla ya kuondoka. Mabasi yakipita Mbezi baada ya saa nne na nusu asubuhi, Kijiji kinafutwa, wote wanakwenda Posta na kuingia kwa zamu mbili: nusu ukumbini, nusu wanakula. Uamuzi huo ukiachwa ufanyike barabarani, kila mtu atasema "tutawahi tu", na matokeo yake ni zile dakika ishirini za mwaka jana.

Mnaweza kufikiria treni ya SGR pia. Morogoro hadi Dar ni chini ya saa mbili, na hofu ya kurudi usiku inapungua. Ugumu wake ni kupata viti zaidi ya tisini katika safari moja, jambo la kupanga mapema sana, na kukodi magari ya kuwatoa stesheni. Kutembeza watoto 84 kwa miguu katikati ya Posta siku ya kazi hatushauri.

Choo ni hesabu pia. Watoto 42, matundu manne, dakika mbili kila mmoja: zaidi ya dakika ishirini zimekwenda. Simameni Chalinze, na mkifika tumieni kundi mojamoja, makundi mengine yakianza kazi.

Kwenye karatasi hatutakaa sana. Barua ya mkuu wa shule kwenda makumbusho iondoke wiki nne kabla, ikitaja tarehe, idadi, kidato, mada na saa mtakayofika. Ombeni namba ya malipo mapema ili msije mkasimama getini mkihesabu noti. Ruhusa za wazazi kwa maandishi, ruhusa ya ofisi ya elimu, na kwa mabasi ya kukodi kibali cha LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini) pamoja na ukaguzi wa trafiki siku moja kabla. Epukeni tarehe 18 Mei na siku za jirani: ni Siku ya Makumbusho Duniani, na kumbi hufurika. Wiki moja kabla ya safari pigeni simu kuuliza ni kumbi zipi ziko wazi, kwa kuwa maonesho hupangwa upya na ukumbi uliouona mwaka jana unaweza kuwa umefungwa kwa matengenezo.

Sasa tuje kwenye lile linaloamua kama safari itakuwa na faida. Mtoto anakimbia ukumbini kwa sababu hana cha kutafuta. Ananakili kibao kwa sababu karatasi ya maswali imemtaka anakili kibao. Dawa yake ni vipindi vitatu darasani kabla ya safari, na vitu vichache sana siku yenyewe. Kwa Posta tunapendekeza vitu vitatu: fuvu la Zinj (yaani Zinjanthropus, zamadamu wa Bonde la Oldupai) pamoja na zana za mawe, nakala ya nyayo za zamadamu za Laetoli, na vigae vya vyombo vilivyopatikana Kilwa. Yaliyobaki watayaona wakipita, na hakuna hasara.

Kipindi cha kwanza ni cha kamba. Chukueni kamba ya mita 4 na muifunge ukutani. Milimita moja ni miaka 1,000. Nyayo za Laetoli, za miaka milioni 3.66, zinakaa kwenye mita 3 na sentimita 66. Zinj anakaa karibu na mita 1 na sentimita 80. Watu wa aina yetu wanaanza kwenye sentimita 30 za mwisho. Msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 ni chini ya milimita moja kutoka mwisho wa kamba, na uhuru wa 1961 hauonekani hata kwa ncha ya penseli. Bila shaka kuna atakayeuliza dinosaria wako wapi. Wale wa Tendaguru, Lindi, ambao mifupa yao ilichimbwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913 na iko Berlin, wana umri wa miaka milioni 150 hivi. Kwa kipimo hichohicho ni mita 150: mtumeni mtoto mmoja avuke uwanja wa mpira hadi ng'ambo, apitilize, asimame huko. Hakuna kibao kitakachowafundisha vizuri zaidi kwamba binadamu na dinosaria hawakuwahi kuonana.

Kipindi cha pili ni cha kichwa. Leteni chupa mbili za maji, ya nusu lita na ya lita moja na nusu. Ile ndogo, ikiwa imejaa, ni karibu sawa na ubongo wa Zinj, ambao hukadiriwa kuwa sentimita za ujazo 500 hadi 530. Kwenye ile kubwa punguzeni maji hadi lita 1 na mililita 350: huo ni wastani wa ubongo wetu. Halafu kila mtoto aweke vidole kwenye panja na kuuma meno kwa nguvu. Atahisi msuli ukivimba chini ya vidole. Apandishe vidole taratibu, akiuma na kuachia, mpaka pale msuli unapoishia, kiasi cha vidole vitatu au vinne juu ya sikio. Muulizeni: mnyama ambaye msuli huu unapanda hadi utosini na kukutana na mwenzake wa upande wa pili, fuvu lake lingekuwaje? Waacheni bila jibu. Jibu liko Posta, ndani ya kioo: ukingo wa mfupa uliosimama katikati ya utosi wa Zinj, mahali misuli ya kutafunia iliposhika. Mtoto aliyeshika panja lake mwenyewe hapiti mbele ya fuvu lile bila kusimama.

Kipindi cha tatu ni cha kuchora. Wekeni mezani kinu na mchi, au mbuzi ya nazi, au kata, kitu chochote kilichotumika miaka mingi. Dakika tano wachore kwa penseli, bila kuzungumza. Kisha maswali matatu: kimetengenezwa kwa kitu gani, kimechakaa wapi, na kuchakaa huko kunatuambia nini kuhusu mikono iliyokishika. Mbuzi iliyochakaa upande mmoja wa ubao inaonyesha mkaaji alizoea kukaa vipi. Maswali hayo matatu ndiyo watakayokwenda nayo ukumbini, hayohayo, kwa kila kitu.

Kuhusu lile jibu la mtihani, kosa si la watoto peke yao. Mwanaakiolojia Mary Leakey alipoliona fuvu la Zinj pale Oldupai, tarehe 17 Julai 1959, mumewe Louis akiwa amelala kambini na homa, zana za mawe zilikuwa kwenye tabaka lilelile, na kwa muda akina Leakey wenyewe walidhani Zinj ndiye mtengenezaji. Mwaka uliofuata ilipatikana mifupa ya zamadamu mwingine mwenye ubongo mkubwa zaidi na meno madogo zaidi, na mwaka 1964 akapewa jina Homo habilis. Tangu hapo wataalamu wengi humpa huyo zana za Oldupai. Zinj, ambaye siku hizi huitwa Paranthropus boisei, ni tawi la pembeni lililokoma zaidi ya miaka milioni moja iliyopita. Ni ndugu wa ukoo, hayumo kwenye mstari wa babu zetu. Ubaoni chora mti wenye matawi, na kama kuna picha ya nyani anayenyooka hatua kwa hatua mpaka anakuwa mtu, itoe ukutani. Picha hiyo imeharibu mitihani mingi kuliko uvivu.

Jingine linalorudiwa sana ni kwamba Zinj alikuwa mvunja kokwa. Jina hilo la utani lilitokana na ukubwa wa magego. Uchunguzi wa kemia ya meno ya jamii yake, uliotolewa mwaka 2011, ulionyesha kwamba chakula chake kikuu kilikuwa nyasi na mimea ya jamii ya ndago. Magego mapana yalikuwa ya kusaga kwa saa nyingi. Na la tatu ni kwamba umri wake ulipimwa kwa kaboni 14. Kaboni 14 inafika miaka kama 50,000, haiwezi hata kukaribia umri wa Zinj. Umri wake ulipatikana kwa kupima matabaka ya majivu ya volkano kwa njia ya potasiamu na agoni: potasiamu iliyo ndani ya majivu hubadilika polepole kuwa gesi ya agoni, na kiasi cha gesi iliyokusanyika ndicho kinachosema majivu yalianguka lini. Fuvu lenyewe halikupimwa. Kilichopimwa ni majivu yaliyo pamoja nalo. Mkiweka sentensi hiyo moja kwenye daftari mtakuwa mmewasaidia.

Swali la Adamu na Hawa litaulizwa, ama darasani, ama mbele ya fuvu, kwa sauti kubwa. Lijibuni darasani kabla ya safari ili lisije likageuka mabishano mbele ya kioo. Inatosha kusema kwamba makumbusho yanaonyesha kilichochimbwa, kilipochimbwa na namna kilivyopimwa, na kwamba mtihani wa Historia utauliza hayo. Msimcheke mtoto anayeuliza, wala msimruhusu mwenzake amcheke. Mzazi akipata habari kwamba dini ya mwanawe imedhihakiwa kwenye ziara, ruhusa za mwaka kesho zitakuwa chache.

Karatasi ya kazi iwe ukurasa mmoja, kazi tano, zisizidi. Kipimo chake ni hiki: kama swali linaweza kujibiwa kwa kusoma kibao bila kukitazama kitu, lifute. "Zinjanthropus aligunduliwa mwaka gani?" linafutwa, hilo wataandika darasani. Badala yake: "Kwa dakika tatu usisome kibao. Lichore fuvu ukiwa umesimama upande. Weka alama mahali msuli wa kutafuna ulipoishia." Au: "Meno ya mbele na magego: yapi ni makubwa kuliko ulivyotarajia?" Na moja tunayoipenda sana: "Sehemu gani ya kichwa hiki haikupatikana Oldupai?" Taya la chini la Zinj halikupatikana kamwe. Fuvu likionyeshwa na taya la chini, basi taya hilo limeundwa kwa kufuata jingine, lile la Peninj karibu na Ziwa Natron, lililogunduliwa mwaka 1964 na Kamoya Kimeu, mtafuta visukuku kutoka Kenya. Mtoto akilijua hilo atatazama rangi, atatazama mpaka kati ya mfupa na kilichojaziwa, ataanza kuuliza tumejuaje. Hapo ndipo mtamsikia mwingine akiuliza kama fuvu lenyewe ni la kweli. Fuvu la asili ni mali ya Makumbusho ya Taifa tangu liliporudishwa nchini mwaka 1965, lakini visukuku vya thamani hiyo kwa kawaida hufungiwa na wageni wakaonyeshwa nakala. Mwacheni amuulize mwongozaji, na mjibuni mapema kwamba nakala nzuri huchukuliwa kwa kalibu moja kwa moja kutoka kwenye mfupa, hivyo kila mpasuko unaouona upo kwenye ule wa asili.

Kabati moja la kioo linaonekana vizuri na watoto watano au sita. Kundi la 14 likisogea lote, wanane wanatazama migongo ya wenzao, na ndio wanaoanza kusukumana. Ndani ya kila kituo ligawe kundi: nusu wachore mbele ya kioo, nusu wakae chini hatua tatu nyuma wakijibu maswali yasiyohitaji ukaribu, baada ya dakika kumi wabadilishane. Kila kituo kina dakika 25 na tano za kuhama. Vituo vitatu ni saa moja na nusu kamili. Zaidi ya hapo msitegemee kitu. Baada ya dakika arobaini za kusimama na kusoma, hata mtu mzima macho yake yanateleza juu ya vioo.

Penseli tu, kalamu zibaki ndani ya basi. Wino ukigusa kitu cha ngozi, mti au nguo mara nyingi hautoki, na kalamu ya wino huvuja mfukoni bila taarifa. Mabegi nayo yabaki. Anayegonga kabati huwa ni begi la mgongoni pale mtoto anapogeuka ghafla. Kila mtoto awe na kipande cha ubao mwembamba au jalada gumu la boksi lenye kibanio, asije akaandika juu ya kioo. Picha apige mwalimu mmoja kwa kila kundi, bila mwanga wa kamera. Vitambulisho viwe na namba ya kundi na simu ya kiongozi wa msafara. Jina la mtoto msiliandike mahali ambapo mpita njia anaweza kulisoma na kumwita.

Lugha inataka uamuzi wenu. Watoto hawa miezi michache tu iliyopita walikuwa wanasoma kila kitu kwa Kiswahili, na sasa Historia wanaisoma kwa Kiingereza. Ukiwalazimisha kuandika kwa Kiingereza mbele ya fuvu, watarudi kunakili kibao, kwa kuwa hapo ndipo sentensi sahihi zilipo. Wajadili na kuandika kwa Kiswahili ukumbini, na kazi ya Kiingereza ifanyike darasani wiki ileile, kwa istilahi kumi mlizochagua ninyi. Mwambieni mwongozaji hivyohivyo. Mwongozaji asiyeambiwa kitu atatoa maelezo yake ya kawaida ya dakika arobaini, na si kosa lake. Katika barua mwombeni dakika kumi za mwanzo kwa kila kundi na kumi za maswali mwishoni, na mtajieni vitu vyenu vitatu.

Kituo cha nyayo za Laetoli kinapendwa na watoto, ila kinapita haraka wasipokuwa na rula. Shuleni, kabla ya safari, mwagieni maji kipande cha mchanga, watoto kadhaa wapite peku, wapime urefu wa wayo na wa hatua. Mbele ya nakala walinganishe: nyayo ndogo za njia iliyopatikana 1978 zina kama sentimita 18, na hatua zao ni fupi, chini ya nusu mita. Kidole gumba kiko sambamba na vingine, kisigino kimezama: huyu alitembea wima, miaka zaidi ya milioni moja na nusu kabla ya Zinj na muda mrefu kabla ya ubongo kukua. Kwenye kamba waliiona tofauti hiyo kwa macho. Majivu ya volkano, mvua nyepesi, jua la kuyakausha, kisha majivu mengine juu yake, ndivyo nyayo zilivyohifadhika. Yule mtoto aliyepima mchanga asubuhi akaukuta umekauka na kupeperuka mchana ataelewa kwa nini jambo hilo ni nadra.

Kwenye vigae vya Kilwa lengo ni kuwazuia wasirukie hitimisho. Wanaona kauri ya China, wanaandika "Wachina walifika Kilwa". Kigae kinasema bidhaa ilifika. Hakisemi nani aliibeba. Bidhaa ilipitia mikono mingi kwenye bandari za India, Ghuba na Arabuni. Wapeni swali la upande wa pili: kama hiki kilikuja, nini kiliondoka? Dhahabu iliyopita Sofala (bandari ya Msumbiji ya leo), na pembe za ndovu. Na kwa nini chombo kikae pwani miezi? Kaskazi huleta, kusi hurudisha. Nahodha hachagui tarehe. Pale penye kipande cha ukingo wa bakuli, waulizeni bakuli zima lingekuwa na upana gani. Mpindo wa ukingo unatosha kukadiria duara, na wale wa Hisabati watafurahi.

Kijiji cha Makumbusho ni kazi ya aina nyingine, na hapo ndipo walimu wengi wanapolegea kwa sababu ni nje na kuna ngoma. Nyumba zilizopo ni zaidi ya zile watoto wataweza kuzitazama. Chagueni tatu zinazotofautiana kabisa: tembe ya Wagogo, msonge wa Wahaya na nyumba ya Wazaramo. Kundi liwe na futi kamba ya mita 5, na muombe ruhusa kabla ya kupima. Wapime kimo cha mlango. Watafute moto ulipowekwa na moshi unapotokea. Mifugo ililala wapi? Paa limefunikwa kwa nini? Halafu swali moja tu la kuunganisha: kwa nini hapa hivi na kule vile? Ugogoni mvua ni chache, nyasi ndefu za kuezekea ni adimu, upepo ni mkali na ng'ombe wanahitaji ulinzi, kwa hiyo paa ni la udongo, bapa, na nyumba inazunguka ua. Kagera mvua ni nyingi, kwa hiyo nyasi zinashuka kwa mteremko mkali mpaka karibu na ardhi. Pwani kuna makuti na miti ya kusimamisha kuta za udongo. Mkiingia ndani ya msonge msitoke mara moja. Macho yanahitaji kama dakika moja kuzoea giza, na wanaotoka mapema huandika "hamna kitu".

Watoto watacheka nyumba za wenzao. Mtaliona hilo hasa penye mchanganyiko kama Morogoro, ambako darasani kuna Mluguru, Mgogo, Mmasai na Msukuma. Sheria mbili husaidia. Ya kwanza, zungumzeni kwa wakati uliopo panapostahili: Wagogo wapo, wanaishi Dodoma, wengi kwenye nyumba za matofali na bati kama za Morogoro. Ya pili, waelezeni kwamba nyumba hizi zilijengwa kwa ajili ya maonesho tangu miaka ya 1960 na hurudiwa kukarabatiwa, kwa kuwa mchwa na mvua ya Dar haviheshimu makumbusho. Wanachotazama ni maarifa ya ujenzi yaliyochaguliwa na mtu fulani awaoneshe. Muulizeni mwongozaji nani alizijenga na nyasi za kuezekea hutoka wapi siku hizi. Jibu lake mara nyingi ni somo la mazingira peke yake. Msimtume mtoto mmoja aeleze kabila lake mbele ya wenzake bila kumwandaa. Wiki moja kabla mwambieni akamuulize bibi au babu, na aje na jambo moja alilochagua mwenyewe.

Ngoma ikiwepo, iwe mwisho. Ikianza mapema, vipimo vya nyumba vimekwisha.

Mkirudi, fanyeni kazi ya kufuatilia ndani ya siku tatu. Insha ya "Ziara yetu" achaneni nayo. Mtapata aya moja ya basi, aya moja ya chakula na vibao vilivyonakiliwa. Kila kundi litengeneze kibao cha onesho moja la kitu kutoka nyumbani: ungo, kipekecho, kinu, jembe la bibi. Maneno yasizidi 50. Kibao kitaje jina la kitu katika lugha ya nyumbani na kwa Kiswahili, malighafi, nani alikitumia na kwa kazi gani, kilipochakaa, nani amekiazima, na namba ya usajili: mwaka, kundi, kitu, kwa mfano 2025/4/1. Namba iandikwe kwenye kipande cha kitambaa kilichofungwa kwa uzi. Gundi na utepe wa nailoni huacha alama. Vitu vipokelewe kwa daftari lenye saini ya aliyeleta na tarehe ya kurudisha, na vikae kwenye meza mbali na dirisha kwa wiki moja. Waalikeni wazazi siku ya kurudisha vitu, kila mtoto asimame penye kitu chake na kujibu maswali ya wageni.

Na lile swali la Zinj lirudie kwenye jaribio la mwezi, ila kwa sura nyingine: wape mchoro wa fuvu lenye ukingo utosini na zana moja ya jiwe, uwaulize kwa nini kuvikuta kwenye tabaka moja hakutoshi kuthibitisha nani alitengeneza zana hiyo.